Kura nyingi, urais akakosa: Marekani wanahesabuje?

Mdau wa Uyole: Wakuu, somo la uraia hapa Mbeya limekwama. 2016 Clinton alimzidi Trump kura karibu milioni 3, akashindwa. Kivipi?

Mwalimu, Iringa: Kura hazijumlishwi nchi nzima kama zetu. Kila jimbo lina wajumbe wa uchaguzi, ndio wanaompigia rais kura ya mwisho: idadi ya wawakilishi wake, ongeza maseneta 2. Jumla 538, ushindi 270. Ukiongoza California hata kwa kura moja, unazoa wajumbe wote. Za ziada hazikuongezei kitu. Ndiko za Clinton zilikojazana. Maine na Nebraska pekee hugawa.

Mdau wa Tukuyu: Waeleze wanafunzi kwamba “jimbo” la kule si kama Mbeya Mjini, lina gavana na sheria zake. Na wakijumlisha wajumbe wakapata 535, wamesahau 3 wa Washington, D.C., mji mkuu ambao si jimbo.