Anajibu kila kitu kwa mdomo, ila kusoma hawezi. Nifanyeje?

MamaK_Moro: Habari zenu wapendwa. Mwanangu yuko darasa la tatu, shule ya serikali hapa Morogoro. Ukimsomea hadithi anakusimulia yote, dukani anahesabu chenji bila kukosea. Mpe kitabu sasa: "baba" inakuwa "daba", na neno alilolisoma mstari wa juu, wa chini halijui tena. Mwalimu anasema ni mvivu, na fimbo zimeshaanza. Kila asubuhi analalamika tumbo. Naombeni ushauri.

Kijana_wa_Msamvu: Pole dada. Mtafutie tuisheni, atakaa sawa.

Ticha_KKK: Tuisheni ya kurudia yaleyale itamchosha tu. Nafundisha madarasa ya chini, watoto hawa nawaona. Kwanza apimwe macho na masikio. Yakiwa salama, mpe ukurasa ambao hajawahi kuuona, maana wengi hukariri kitabu cha darasani kwa kusikia wenzao na hakuna anayegundua. Kiswahili kinaandikwa kama kinavyotamkwa, kwa hiyo mwenye disleksia, yaani ugumu wa kusoma usiotokana na upungufu wa akili, akishazijua herufi anaweza kusoma bila makosa mengi, ila polepole mno, silabi kwa silabi, akifika mwisho wa sentensi mwanzo umeshampotea. Huo si uvivu, mama. Akili yake ni nzima.

MamaK_Moro: Ni yeye kabisa! Naanzia wapi?

Ticha_KKK: Nenda halmashauri kwa afisa anayeshughulikia elimu maalumu, na madaftari yake mkononi, uombe apimwe. Uliza pia shule gani jirani ina mwalimu aliyesomea Patandi, kile chuo cha ualimu wa elimu maalumu cha Arusha. Nyumbani, dakika 15 kwa siku zinatosha: atamke silabi huku akiichora mchangani kwa kidole. b na d usizifundishe pamoja, moja ikae kwanza.

Baba_Wawili: La fimbo lisisubiri vipimo. Kanuni za serikali za 2002 zinaruhusu viboko shuleni kwa kosa kubwa la nidhamu tu, visizidi vinne, achape mwalimu mkuu au aliyemteua kwa maandishi, na viandikwe. Kushindwa kusoma si utovu wa nidhamu. Muone mwalimu mkuu kesho.

MamaK_Moro: Naenda kesho. Asanteni sana.

Ticha_KKK: Ukifika, omba jaribio moja tu asomewe maswali, ajibu kwa mdomo. Alama zake zitamshawishi yule mwalimu kuliko maelezo yako.