Wauzaji wa samaki wa mapambo Kigoma, mnatuuzia minyoo pamoja na majani, halafu ushauri wenu unaua samaki

Habari wakuu. Hili jambo limezidi, na safari hii halisemwi kwa upole.

Kila mara anakuja mtu kuuliza kwa nini Julidochromis wake (samaki wa Ziwa Tanganyika wanaotaga mapangoni) wanataga vizuri na hakuna kifaranga hata kimoja kinachoonekana. Majibu anayopewa ni yale yale: "mwagia chumvi", "kasugue kioo", na mbaya kuliko yote, "chukua ile dawa ya minyoo ya ng'ombe, tone mbili tu". Hakuna anayemwambia azime taa aangalie.

Zima taa ya tangi, subiri saa moja, kisha mulika kioo kwa tochi. Ukiona uzi mweupe au wa kahawia, sentimita moja hivi, unateleza kwenye kioo bila kujikunja, kichwa chake cha pembetatu na vidoa viwili vya macho, hiyo ni planaria, mnyoo bapa. Usiichanganye na vile vijinyoo vyembamba vinavyojipinda kama herufi S majini. Hivyo vinakula uchafu tu, viache. Planaria ndiye mwizi wa mayai. Julidochromis hubandika mayai kwenye dari ya pango, na planaria hutambaa kichwa chini kwenye dari hiyo hiyo usiku, wakati mama haoni. Tropheus, samaki wa ziwa hilo hilo wanaobeba mayai mdomoni, wanasalimika, ndiyo maana mwenye Tropheus anadhani tangi lake ni safi, na anawagawia wenzake majani bila kujua anagawa nini.

Sasa wauzaji. Mnang'oa Vallisneria, yale majani marefu ya majini, kule ufukweni, mnaisuuza mara moja kwenye ndoo, mnaiuza. "Yametoka ziwani leo asubuhi," mnajisifu. Hiyo si sifa, ni kosa! Jani la ziwani lina mayai ya konokono, lina haidra (kiumbe kidogo cha majini kinachochoma), na lina vifuko vya mayai ya planaria ambavyo ni vidogo kama punje ya mtama na vimeganda shinani. Kinachotakiwa si kigumu wala ghali. Yeyusha shabu, ile ya kutulizia maji machafu, vijiko viwili vya chakula kwa lita nne, loweka majani saa mbili hadi tatu, suuza, kisha yaweke kwenye ndoo yao peke yao wiki tatu mpaka nne. Shabu inasaidia kwa konokono na mayai yao. Vifuko vya planaria vinaweza kupona, ndiyo maana zile wiki za ndoo haziepukiki: vikipasuka, unawaona kwenye kuta za ndoo kabla hawajafika kwa mteja. Magamba ya konokono mnayouza kwa samaki wanaoishi ndani ya magamba ni rahisi zaidi, yachemsheni dakika kumi. Mawe msiyachemshe, jiwe lenye maji ndani linaweza kupasuka. Yakausheni juani hadi ndani, siku kadhaa.

Tuje kwenye huo ushauri. Chumvi kwa kiasi ambacho samaki wanastahimili haimalizi mayai ya planaria. Kumkwangua planaria kwa wembe ni kumzidisha, kila kipande kinaota kichwa au mkia na kuwa mnyoo mzima. Ivermectin, ile dawa ya minyoo ya ng'ombe, ni sumu kwa samaki, tone ni tone. Na zile chupa za levamisole, dawa nyingine ya minyoo ya mifugo, zilizochanganywa na oxyclozanide, soma kibandiko: kiungo cha pili ni hatari kwa viumbe wa majini. Muuzaji wa dawa za mifugo anajua ng'ombe, asilaumiwe; alaumiwe aliyekutuma kwake bila kukwambia jina la dawa.

Kabla ya dawa yoyote, punguza chakula. Planaria hawajai kwenye tangi lenye njaa. Unga wa dagaa mnaouza kama "chakula cha samaki wote" ndio unaowalisha, unazama kwenye mchanga na kuozea huko. (Na Tropheus ni mla mwani, dagaa inamvimbisha tumbo mpaka anakufa. Hilo nalo hamsemi.) Halafu tega. Chukua kichupa cha dawa, toboa kifuniko tundu la milimita mbili, weka kipande cha nyama mbichi, kilaze mchangani baada ya kuzima taa. Kitoe baada ya saa moja au mbili, usikiache mpaka asubuhi kwa sababu wakishashiba wanatoka. Mwaga vilivyomo kwenye maji ya moto. Fanya hivyo wiki nzima.

Wakibaki ndipo utumie dawa ya minyoo iitwayo fenbendazole, hiyo peke yake, bila mchanganyiko. Kipimo ni miligramu 0.6 kwa lita. Tangi la lita 200 linahitaji miligramu 120. Dawa ya maji ya asilimia 10 ina miligramu 100 katika kila mililita, kwa hiyo ni mililita 1.2 kwa bomba la sindano. Tikisa chupa sana, koroga kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu, ndipo umimine. Toa mkaa wa filta. Toa konokono wote unaowataka, na usiwarudishe haraka, dawa hii inakaa mchangani muda mrefu. Baada ya saa 48 rudia nusu ya kipimo. Baada ya wiki mbili mulika tena usiku, kama wapo rudia.

Hapa ndipo matangi mengi yanapokufa na lawama inakwenda kwa dawa. Minyoo mamia na konokono waliojificha wanakufa kwa pamoja, wanaoza, amonia (sumu itokanayo na uozo) inapanda. Maji ya Ziwa Tanganyika yana pH (kipimo cha asidi ya maji) karibu 9. Kwa pH hiyo na joto la nyuzi 26, zaidi ya theluthi ya amonia yote iko katika hali ya sumu. Kwa pH 7 haifiki asilimia 1. Samaki wanapanda juu wanahema, mwenye tangi anaongeza dawa. Weka hewa ya nguvu, usilishe, pima amonia asubuhi na jioni. Ikionekana, badilisha asilimia 30 ya maji papo hapo hata kama dawa inapungua. Dawa unarudia, samaki hurudii.

Jambo moja lisiloachwa: konokono bapa aliyejiviringa kama sarafu, Biomphalaria, ndiye anayebeba kichocho cha tumbo. Maji ya ziwa yasiyo na konokono yakikaa siku mbili vijidudu vyake vimekufa, lakini konokono mwenye maambukizi akiwa ndani ya tangi anaendelea kuvitoa kwa wiki nyingi, na wewe unaingiza mkono kila siku. Mnawauzia watu hao konokono kama "wasafisha kioo"!

NAONGEZA: Mdau wa Tabora aliyeuliza kama maji yao laini yanabadilisha kipimo: hapana mkuu, kipimo ni kile kile. Ila usiongeze magadi ya kupandisha pH wakati wa matibabu. Amonia iliyokuwa imetulia itageuka sumu ndani ya saa chache. Subiri kipimo cha amonia kisome sifuri siku tatu mfululizo, ndipo upandishe kidogo kidogo.