"Pull up your socks": tuiandikeje kwenye ripoti ya mtoto?

Mwalimu wa Arua
Ndugu walimu na wazazi, naomba msaada wenu. Muhula uliopita nilimwandikia mwanafunzi wa darasa la sita maneno ya Kiingereza niliyokuwa nikiandikiwa mimi mwenyewe, "pull up your socks", yaani neno kwa neno "pandisha soksi zako". Shule ilipofunguliwa, mama yake, ambaye huuza mukene (dagaa) sokoni na hajui Kiingereza, alinijia na jozi mbili za soksi nyeupe ambazo hazijavaliwa, akaniuliza kwa heshima kama zinafaa, kwa kuwa aliyemsomea ripoti alimfasiria neno kwa neno. Niliumia sana. Kiswahili anakielewa vizuri. Je, ni msemo gani unaohimiza na kuonya kwa pamoja?

Mzazi, Jinja
Mwalimu, wengi watakushauri uandike "kaza buti", lakini naona hautoshi. Hata timu inayoongoza kwa mabao mawili huambiwa ikaze buti, maana hakuna lawama ndani yake. "Jifunge kibwebwe" unakaribia zaidi. Kibwebwe ni kitambaa anachojifunga mwanamke kiunoni kabla ya kazi nzito au ngoma, kwa hiyo msemo huo unatazama kazi iliyo mbele na kunyamazia uzembe uliopita, ilhali ule wa soksi unasema yote mawili: umelegea, basi jirekebishe. Ndiyo sababu hatumwandikii mtoto aliyeshika nafasi ya kwanza. Lawama itaje wazi kwanza, kisha kibwebwe kifuate.

Mkalimani, Kampala
Naafikiana na mzazi wa Jinja. Niongeze msemo "read the riot act" (neno kwa neno, "soma Sheria ya Ghasia"), ambao magazeti yetu huupenda mno. Kiini chake ni sheria ya Uingereza ya 1714, iliyoanza kutumika 1715: watu 12 au zaidi walipokusanyika kwa fujo, hakimu aliwasomea tangazo kwa sauti, nao wakapewa saa moja kutawanyika, la sivyo waliosalia wangeweza kuhukumiwa kifo. Sheria ilifutwa, msemo ukabaki, na leo maana yake ni kukaripia vikali huku ukionya juu ya adhabu. Wako wanaoufasiri kuwa "kumpa mtu vidonge vyake", lakini anayetoa vidonge humweleza mtu ukweli mchungu tu, wala hamtishi kwa adhabu. Mimi huandika "alimkaripia na kumpa onyo kali". Kwenye ripoti ya mtoto, ukali wa namna hiyo hauna nafasi.

Mwalimu wa Arua
Nawashukuru sana. Nimeandika hivi: "Mtoto ana akili, ila muhula uliopita alilegea katika hesabu, sasa ajifunge kibwebwe, nasi tumsaidie." Nilimsomea mama yake mwenyewe. Aliuliza ni hesabu zipi, nikamfungulia daftari kwenye ukurasa wa hesabu za sehemu (nusu, robo), naye akaniambia kwamba jioni watagawa mafungu ya mukene pamoja. Soksi nilimwomba ampe mtoto azivae.