Dodoma: mbwa mzee akinyonyoka manyoya dawa ni "uzee huo"? Nimechoka na hawa wataalamu!

Wakuu naandika nikiwa na hasira, mods msiunganishe huu uzi.

Mbwa wangu Simba ana miaka 11, ndo mlinzi wetu tangu tunahamia Nkuhungu. Sasa hivi manyoya yanamtoka, yalianzia mkiani mkia ukabaki kama kamba, yakafuata mbavuni huku na huku, ngozi imekuwa nyeusi halafu nene, na kwapani pamekuwa pekundu analamba usiku kucha mpaka panatoa maji.

Unampakia kwenye bajaji mpaka duka la dawa za mifugo, jamaa hata nje hatoki, "upele huo", anavuta ivermectin (dawa ya kuua minyoo na wadudu wa ngozi) ya ng'ombe kwenye bomba la sindano, kilo za mbwa hajauliza, anachoma, toa hela. Hamna kitu. Mwingine akamchoma ya kuzuia muwasho, akatulia siku chache kisha ikarudi vibaya zaidi. Ile ni steroidi jamani! Inazima muwasho tu, ukiichomachoma hovyo ngozi inakuwa nyembamba na kinga inashuka, kama kuna wadudu ndo wanazidi kuzaliana.

Aliyenimaliza ni anayesema nimpake oili chafu ya gari. Oili chafu!! Mnyama anajilamba mwili mzima, ile ni sumu na inaunguza ngozi, na huyo mtu anauza dawa.

Wote wakishindwa wanasema uzee. Uzee sio ugonjwa! Inaweza kuwa tezi ya shingoni imepungua nguvu, au zile tezi za juu ya figo (huyo utaona anakunywa maji kupita kiasi na tumbo linaning'inia), au wale wadudu wa kwenye vinyweleo ambao kwa mbwa mzee wanaibuka kinga ikishuka, au fangasi, au viroboto tu. Utajuaje bila kupima? Unakwangua ngozi kwa wembe mpaka damu ichungulie kidogo, unaweka kwenye kioo, unaangalia kwa hadubini. Hakuna hata mmoja aliyefanya hivyo, na hapa ndo makao makuu ya nchi! Na kama ni ule upele wa kuambukiza wanangu nao si wataanza kujikuna?

Mwenye kumjua daktari wa wanyama hapa Dodoma anayekwangua ngozi na kupima damu aseme yuko mtaa gani, hata kama ni Nzuguni huko naenda. Wa "muue tu" msijisumbue kukomenti.