Mtoto wa Mombasa hahesabiwi? Barua ya matunzo imenifika

Abuu Wawili, Coventry:

Assalam alaykum jamaa. Bahasha ya kahawia imenifika Jumanne. Ofisi ya serikali inayokokotoa matunzo ya watoto mwaijua, na msimamizi wa jukwaa alishatukataza kuitaja jina humu, kwa hiyo siitaji. Wamechukua gross (mapato kabla ya makato) ya HMRC, watu wa kodi, ya mwaka wa kodi uliopita, paundi 31,200, mwaka niliopiga ovataimu mpaka mgongo ukakataa. Kwa wiki ni 600, 12% yake paundi 72, za kijana wangu wa hapa. Simkatai, na pesa ni haki yake.

Lakini nina binti Mombasa, miaka tisa, yuko kwa mamake. Tuliachana kwa Kadhi, na masurufu yameandikwa kwenye hukumu. Kila mwezi natuma. Nimechapisha risiti za miezi kumi na minne nikazipeleka, karani akaniambia kwenye simu kwamba hizo kwao ni zawadi. Zawadi! Karo ya shule ni zawadi?

Swali ni moja tu: hukumu ya Kadhi wataikubali? Kuna aliyewahi kuipeleka?

Dereva wa Slough:

Wa alaykum salaam. Kwanza tazama tarehe iliyo juu ya barua. MR, yaani kuomba waangalie upya uamuzi, ni siku 30 kutoka hapo, si kutoka siku uliyofungua bahasha. Yangu ilikaa juu ya friji wiki tatu, chini ya karatasi za pizza, nikaja kukimbizana na siku za mwisho.

Pili, mshahara wako wa sasa ni ngapi? Ukitaka waache takwimu ya HMRC lazima tofauti ifike 25%.

Abuu Wawili:

26,000. Ovataimu wamefunga.

Dereva wa Slough:

Basi hapo huna kitu. 25% ya 31,200 ni 7,800. Ungekuwa umeshuka hadi 23,400. Kijana analala kwako siku ngapi? Kuanzia usiku 52 kwa mwaka wanakata moja ya saba, 72 inakuwa 61.71. Mimi wangu huja kila Jumamosi, nikajua nimefika, kumbe Jumamosi ya sikukuu ya Idi alikwenda kwa bibi yake. Ukihesabu, 51.

Mama Nuru, Leicester:

Ninyi mnahesabu usiku, sisi tunahesabu asubuhi. Paundi 72 kwa wiki, toa koti la shule, toa viatu ambavyo kila miezi minne vinabana, toa chakula, niambieni kinabaki nini.

Wangu alikataa Direct Pay, yaani kunilipa mwenyewe moja kwa moja, akisema hapangiwi na mwanamke. Haya, tukaingia Collect and Pay, ofisi inakusanya kwake na kunipa mimi. Hesabu yake nayo ilikuwa 72. Yeye analipa na 20% juu, 86.40. Mimi wananikata 4%, napata 69.12. Kila wiki paundi 17 na ushee zinapotea njiani kwa sababu ya kiburi cha mtu mmoja. Baadaye kaacha kulipa kabisa, ikaja DEO, amri ya kukata mshahara, mwajiri anamkata kabla mshahara haujamfikia. Anaona haya kazini, mimi sioni. Na kabla ya yote hayo nililipa 20 ya kufungua faili, mkumbuke.

Dereva wa Slough:

Dada, hiyo 20 imefutwa tangu Februari 2024. Tusiwatishe watu.

Mama Nuru:

Nimesema NILILIPA, kaka. Soma kabla ya kusahihisha.

Mzee wa Reading:

Wanangu, taratibu. Nipo nchi hii tangu enzi za CSA, ofisi ya matunzo ya kabla ya hii, ile iliyoanza 1993. Mnakumbuka 2004 yule baba aliyevaa nguo za Batman akapanda ukuta wa Buckingham Palace kudai haki za akina baba? Nilikuwa zamu ya usiku, tukaitazama kwenye televisheni ya kantini, Mjamaica mmoja akasema mimi ningepanda nikiwa na suti, wanichukulie maanani.

Afadhali ya hapa. Kwetu Tanzania, sheria ya Affiliation ilimwekea baba wa mtoto wa nje ya ndoa kikomo cha shilingi 100 kwa mwezi. Mia! Ikabaki vitabuni mpaka Sheria ya Mtoto ya 2009. Wakati huo mia haikununua andazi. Nyinyi Wakenya ndiyo kabisa, yenu mliifuta 1969 mkawaacha akina mama mikono mitupu, na bungeni wanaume wakashangilia.

Mkisauni, Glasgow:

Mzee shikamoo, lakini umeishia 1969. Katiba ya 2010, kifungu cha 53: baba na mama wana jukumu sawa, wawe wameoana au hawakuoana. Na mahakama ya Kadhi imo katika katiba hiyo hiyo, kifungu cha 170. Ni mahakama, si baraza la wazee. Kwa hiyo Abuu, peleka.

Mzee wa Reading:

Marahaba. Kuandikwa kwenye katiba na kulipwa ni mambo mawili, mwanangu.

Fundi, Luton:

Abuu, wangu wa Nairobi walimhesabu. Sheria yao inataka uwe unawajibika kulipa kwa amri ya mahakama ya nje, au kwa sheria ya nchi ile. Barua ya chifu nilipeleka, ikarudi. Makubaliano tuliyosaini mbele ya wakili, yakarudi. Tulipopata order ndipo wakakaa kimya, kisha ikaja hesabu mpya. Wanafanya kana kwamba una watoto wawili: 16% badala ya 12, halafu wanagawanya kwa mbili. Kwako 600 ingetoa 96, nusu yake 48. Kutoka 72, si haba.

Ila yangu ilikuwa ya mahakama ya watoto, si ya Kadhi. La Kadhi siwezi kukudanganya.

Mama Nuru:

Na mamake binti naye ajue kwamba kuna REMO, utaratibu wa kutekeleza hapa amri za matunzo za mahakama za nje. Siku ukiacha kutuma, amri hiyo hiyo inaweza kukufuata mpaka Coventry.

Abuu Wawili:

Dada, sijaacha na siachi.

Mama Nuru:

Nimesema ajue. Wote huanza hivyo.

Mkisauni, Glasgow:

Tukiwa kwenye Mombasa, kuna mtu anakwenda Disemba? Nina kifurushi kidogo cha Bondeni, kilo tatu. Akirudi aniletee viazi vya karai hata vikiwa vimelala siku mbili. Hapa kumenyesha tangu Jumapili.

Dereva wa Slough:

Kilo tatu zako za mwaka jana zilikuwa sita.

Abuu Wawili:

Jamaa, nawashukuru, ila naona swali langu mmelizunguka. Leo ni siku ya kumi na tisa kati ya zile 30. Nimempigia mamake binti aniombee nakala ya hukumu yenye muhuri, maana yangu ni picha ya simu na kidole changu kimefunika tarehe. Kasema atakwenda Jumatatu akitoka kumpeleka mtoto shule, nimtumie nauli ya tuktuk.

Nimeshatuma. Hiyo nayo ni zawadi.