Kundi la ukoo: Mama yuko Uswisi

Dada Zürich: Shikamooni wakubwa. Mama kaamka salama. Kakaanga dagaa tangu saa kumi na mbili asubuhi, jirani wa juu kafungua madirisha yote 😂

Shangazi Musoma: Marahaba. Mwambie wifi apunguze, asije akakufukuzisha nyumba!

Mama: Nimesikia. Mbona jibini lao linanuka kuliko dagaa na sisemi kitu?

Mjomba Shirati: Leo mnaelekea wapi?

Dada Zürich: Mto Limmat, alipozamishwa Felix Manz, mmoja wa waanzilishi wa imani yetu sisi Wamennonite. Nilitaka nimpeleke kwenye maporomoko, akasema maji kayaona ya kutosha ziwani kwetu.

*Saa tisa alasiri*

Dada Zürich: 📷 Kibao ndicho hiki, kiko ukutani kando ya mto, sehemu inaitwa Schipfe. Tumekipita mara mbili bila kukiona.

Kaka Mwanza: Kijerumani hicho, tafsiri basi.

Dada Zürich: Kinasema katikati ya mto hapa, kutoka kwenye jukwaa la wavuvi, Manz na wenzake watano walizamishwa kati ya 1527 na 1532. Wa mwisho wa imani hiyo kuuawa Zürich ni Hans Landis, 1614.

Kitinda Mimba: Kosa lao kubatizwa tu??

Dada Zürich: Kubatizwa upya, ukubwani. Januari 21, 1525 Grebel alimbatiza Blaurock, wote wenzake Manz, nyumbani kwa mama yake Manz. Mtaa wenyewe ni uchochoro karibu na Grossmünster, kanisa la Zwingli, kiongozi wa mageuzi ya dini hapa Zürich. Na Zwingli ndiye aliyekuwa mwalimu wao! Mwaka uliofuata baraza la jiji likaamua: atakayebatiza tena, azamishwe.

Mjomba Shirati: Yaani mnapenda maji, haya, maji hayo.

Mama: 🎤 (Kitinda Mimba, waandikie wasio na bando)

Kitinda Mimba: Mama anasema: "Nimekaa ukingoni. Mwanangu amenisomea kwamba walimfunga Manz mikono, wakaipitisha chini ya magoti, wakachomeka fimbo katikati. Mama yake alikuwa ng'ambo ya mto, anampazia sauti asikane imani. Jamani, mimi ningempazia sauti akane arudi nyumbani. Mungu anisamehe."

Shangazi Musoma: Wifi, hata mimi.

Mjomba Shirati: Lakini imani ni kusimama imara.

Shangazi Musoma: Kaka, ni rahisi kusema hivyo ukiwa chini ya mwembe na uji mkononi.

Mjomba Shirati: 😅 Uji umeuonaje?

Dada Zürich: Hapo hapo wakapita vijana wanaogelea na maboya yao, wanacheka. Mama kawaangalia mpaka wakapotea darajani. Hakusema kitu, kanishika tu mkono.

*Kesho yake*

Dada Zürich: Tuko Trub, milima ya Emmental. Kuna ghala la mkulima lenye maficho ya hao waliobatizwa upya. Enzi hizo askari wa Bern wakija kuwakamata, mtu anakanyaga ubao, anatumbukia shimoni, ubao unarudi mahali pake.

Kaka Mwanza: Mama asikanyage!!

Mama: Nimeliona shimo. Nimeuliza walikuwa wanakohoaje humo, hakuna aliyenijibu.

Mjomba Shirati: Sasa niulize. Wamisionari waliofika kwetu 1934 si walitoka Lancaster, Marekani? Uswisi inaingiaje?

Dada Zürich: Mababu wa Wamennonite wengi wa Lancaster walifukuzwa huku huku, wakapitia Ujerumani ndipo wakavuka bahari. Mjomba, unamkumbuka yule mmisionari Stauffer wa Shirati? Jina la Stauffer Emmental ni kama Otieno huko kwetu. Mama kaliona kwenye sanduku la barua, nikamzuia asigonge mlango.

Mama: Nilitaka kuwasalimia tu! Tungeanzia kwa Askofu Kisare, askofu wetu wa kwanza Mwafrika, tungeelewana.

Shangazi Musoma: Kwa Kijaluo au Kijerumani? 😂

Mama: Kwa dagaa. Nimebakiza mfuko mmoja.

Dada Zürich: Ndiyo maana basi zima linatuangalia.