Ameuliza mwanangu ataitwa nani shuleni, na mwenye jina alikuwa amekaa pale pale

Baba Chausiku (mwanzisha uzi)

Wana jukwaa, assalaam aleikum, na habari za usiku kwa wote. Naandika uzi huu wageni wakiwa hawajamaliza hata kuondoka, masufuria ya pilau bado yamelowekwa uani, na mkono wangu unatetemeka kwa hasira. Leo tulikuwa na arobaini ya mtoto wetu wa kwanza, na mama mmoja wa mtaa huu ameniharibia shughuli nzima kwa swali moja. Sina haja ya kumtaja, kwa sababu mnamjua wote. Ni yule ambaye haijapata kufanyika harusi, hitima wala maulidi mtaani hapa bila yeye kufika kabla ya wenye shughuli, akakaa karibu na sufuria, akajua idadi ya vipande vya nyama kuliko mpishi mwenyewe.

Binti yetu anaitwa Chausiku. Alizaliwa saa tisa usiku, umeme ukiwa umekatika, mkunga akimulikiwa kwa taa ya simu ya shangazi yake. Kubwa zaidi ni kwamba Chausiku ni jina la mama yangu mzazi, ambaye naye alizaliwa usiku, huko Pangani, na ambaye tangu baba alipofariki alitulea sisi watoto watano kwa kuuza kachori na mihogo ya kukaanga mbele ya nyumba. Siku ya saba tulichinja mbuzi mmoja wa akika, kama inavyofanywa kwa mtoto wa kike, tukamnyoa nywele, na jina likatajwa mbele ya watu. Tangu siku hiyo sijawahi kumwita binti yangu kwa namna nyingine isipokuwa "mama".

Sasa sikilizeni. Nilikuwa nimeingia ndani kuwapelekea akina mama sinia la pilau. Mtoto alikuwa mikononi mwa huyo tunayemjua. Alimwinua kidevu kwa kidole chenye mafuta ya nyama, akamtazama kama mtu anayekagua nyanya sokoni, kisha akauliza kwa sauti iliyofika mpaka kwa wanaume waliokaa chini ya turubai: "Chausiku tumesikia. Haya, na jina lake la shule ni nani?"

Jina la shule!

Mama yangu, Chausiku mwenyewe, alikuwa amekaa kwenye mkeka huo huo, hatua mbili kutoka hapo, na kikombe cha kahawa mkononi. Alikiweka chini kabla hajakimaliza. Akavuta ushungi wa kanga yake mpaka kwenye paji la uso, akaomba aletewe maji. Maji yaliletwa, na hakuyanywa.

Mama yangu ana zaidi ya miaka sabini. Ameolewa kwa jina hilo, amepiga kura kwa jina hilo, na wateja wa kachori walilijua jina hilo kabla ya kulijua jina la mtaa. Leo, nyumbani kwa mwanawe, mbele ya wakwe zake, ameambiwa kwamba jina lake halifai hata kuandikwa kwenye daftari la darasa la kwanza. Na yule mama hakuona haya, kwani aliponiona nimesimama na sinia alianza kunichagulia mengine: Briana, Gianna, Aaliyah, na moja ambalo naapa nililiona kwenye kopo la mafuta ya nywele.

Mjukuu wake anaitwa Jayden. Mtaa wetu haufiki nyumba hamsini, na nimewahesabu akina Jayden saba. Ukiliita jina hilo wakati wa magharibi, wanatoka watoto wa kujaza daladala pamoja na konda wake. Bibi yake mzaa baba, ambaye ulimi wake umelikataa jina hilo tangu siku ya kwanza, humwita Jirani, na mtoto huitika.

Majirani zetu Wajaluo, wa Rorya kwetu na wa Kisumu kwa wenzetu, mtoto wa kike aliyezaliwa usiku humwita Atieno, na sijasikia mtu akimuuliza Atieno jina lake la shule. Mwalimu Nyerere aliitwa Kambarage kwa sababu alizaliwa mvua ikinyesha, na jina la Julius alilipata kwa ubatizo mwaka 1943, akiwa mtu mzima. Mvua ilitosha kumpa mtu jina. Usiku umekosa nini?

Lakini mimi narudi kwenye kile kidole. Kidole kile chenye mafuta, kidevu cha mwanangu, na mama yangu anavuta ushungi. Nimeshindwa kula. Niambieni, nimfuate kwake usiku huu au nisubiri kupambazuke?

Mke wa Nahodha

Pole sana, kaka yangu. Huyo mama alikuja kwangu nilipojifungua siku ya Idi, akauliza kama mtoto tumemwita Mwanaidi kwa sababu tulikosa fedha ya kununua jina jingine. Kisha alifungiwa pilau la kwenda nalo nyumbani, tena katika bakuli langu, ambalo mpaka leo halijarudi.

Mzee wa Barazani

Kijana, nimeusoma uzi wako mara mbili nikitafuta mahali ulipomjibu, na sikupaona. Ulisimama na sinia kama nguzo ya umeme, pilau likapoa, mama yako akafedheheka, na sasa umekuja kupigana humu ambako yeye hayumo. Vita hivyo mbona vimechelewa?

Baba Chausiku

Shikamoo, mzee wangu. Yule mama ni mkubwa kwangu, na ningemjibu mbele ya mama yangu ningemwongezea aibu ya pili juu ya ile ya kwanza. Mama alinitazama akanitikisia kichwa kwamba ninyamaze. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwamba hata wakati anatukanwa alikuwa bado ananilea.

Tabu wa Tabora

Chausiku limetaja wakati tu, na wakati haumtukani mtu. Mimi naitwa Tabu, kwa sababu mama alishikwa na uchungu siku tatu, na badala ya kuisahau tabu hiyo akanikabidhi mimi niitembeze duniani. Kila ofisi nikiingia naambiwa, "Karibu Tabu, ila usituletee tabu," na kila anayeyasema maneno hayo hucheka akidhani ndiye wa kwanza kuyabuni. Siti binti Saad alizaliwa Fumba akaitwa Mtumwa, lakini jina hilo aliliacha nyuma, na dunia ikamjua kwa jina la heshima. Mimi bado nadaiwa na uchungu wa mwaka 1984.

Mdogo wake Mashaka

Dada Tabu, tuachie na sisi nafasi. Kaka yangu anaitwa Mashaka naye ni mhasibu. Wakaguzi wa hesabu wakifika, saini ya kwanza wanayokutana nayo ni ya Mashaka.

Mama Jayden

Mimi ni mama wa mmoja kati ya wale saba, na nimesikitika. Mwandishi analia kwamba jina la mwanawe limechekwa, na katika andiko hilo hilo analicheka la mwanangu. Sikuliokota kwenye kopo. Nililipenda nilipolisikia, nikalitunza tangu sijaolewa, na nililia siku nilipoliona limeandikwa kwenye kadi ya kliniki. Mwanangu hana kosa la kuzaliwa mtaa mmoja na wenzake sita.

Mwana wa Shinyanga

Mnagombania jina moja wakati sisi Wasukuma tumeibiwa mchana kweupe. Kwetu Kulwa ni pacha anayetangulia, Doto ni anayemfuata, na Shija ni yule anayezaliwa baada ya mapacha. Hapa Dar es Salaam nimekutana na mwanamke mwenye mtoto mmoja tu, anamwita Doto. Nikamuuliza kwa upole Kulwa yuko wapi, naye akaniuliza Kulwa ndiye nani. Nilikuwa nimeshavua kofia nimpe pole ya msiba! Akaniambia jina alilipenda kwa sababu ni fupi.

Mzaliwa wa Lubumbashi

Huku kwetu swali la huyo mama lingegeuka. Mwaka 1972 serikali ya Mobutu ilikataza majina ya Kikristo, naye mwenyewe akaliacha la Joseph-Désiré. Baba yangu, aliyebatizwa Joseph vilevile, alilazimika kuandikisha shuleni jina la babu yake, na lile la ubatizo likabaki la kuitiwa ndani, mlango ukiwa umefungwa. Kwa hiyo jina la shule ndilo lilikuwa la mababu.

Mama Jayden

Na aliyelikosa la babu yake alifanyaje?

Fundi Cherehani

Samahani kwa kuingilia, lakini wote humu mna raha, kwa sababu majina yenu yameandikwa sawasawa. Binti yangu ni Zuwena kwenye kadi ya kliniki, ni Zuhena kwenye cheti cha kuzaliwa, na kwenye orodha ya shule ni Zubeda. Kila ofisi inaniambia kosa ni la ofisi nyingine. Mtoto mwenyewe amefikisha umri wa kuuliza yeye ni yupi.

Tabu wa Tabora

Fundi, hilo ni zito kuliko yote yaliyotangulia. Ukiliacha mpaka afike kidato cha nne, vyeti vitakataa kufanana, nawe utazunguka mpaka viatu viishe.

Mke wa Nahodha

Mwanaidi wangu wamemuunganisha na jina la baba yake bila nafasi, likawa neno moja refu kama treni ya mizigo. Nilipolalamika niliambiwa mashine ndiyo ilivyotaka.

Baba Chausiku

Ndugu zangu, naomba turudi kwenye mada. Mama yangu amelala bila kula, na kikombe chake cha kahawa bado kiko pale pale kwenye mkeka. Sijapewa jibu, nimfuate au nisimfuate?

Mdogo wake Mashaka

Fundi, wewe nenda kwa wakili ule kiapo cha jina. Chukua kadi ya kliniki ya mwanzo kabisa, hata kama imechanika.

Fundi Cherehani

Ninayo, ila panya wamekula pale penye jina. Imebaki "Zu".